Tupeane uzoefu: siku simu au kompyuta ilipokuingiza kwenye fizikia na mambo ya anga

Nusu Injinia: Wakuu, heshima kwenu. Mimi si msomi, fizikia niliikimbia shuleni. Nimepakua phyphox, ile programu ya bure inayosoma sensa za simu. Simu nimeilaza mezani, imetulia tuli, kipimo cha mchapuko, yaani kasi inavyobadilika kila sekunde, kinaandika 9.8. Haijasogea hata chembe! Huo mchapuko umetoka wapi? Usingizi umepaa. Wewe kilichokuamsha ni nini? Mwagikeni.

Bi Sayari: Mimi ni kile kituo cha anga cha kimataifa, ISS. Nilisoma kwamba kitapita jioni, nikatoka nje. Nuru moja, haimetimeti, inakatiza bila mlio, mara ikafifia katikati ya anga. Kumbe imeingia kwenye kivuli cha dunia. Na humo ndani kuna watu!

Kicheko: Hapo kwa ISS nakuunga mkono dada.

Fundi Mtoro: Mada imenikumbusha balaa. Nilikuwa na usaili wa kazi kwa video. Usiku wake mdogo wangu kachukua simu yangu acheze game. Lile game maisha yakiisha unasubiri masaa, yeye kwa ujanja wake kasogeza tarehe ya simu mbele miaka kibao, game lidhani muda umepita. Simu kairudisha kimya. Asubuhi nafungua kiungo cha usaili: "muunganisho si salama". Barua pepe inagoma. Kila tovuti inagoma, na bando lipo, mtandao umejaa. Nikazima nikawasha, nikachomoa laini nikarudisha, jasho linanitiririka, juu shati la usaili, chini bukta. Nikajua nimedukuliwa. Nampigia rafiki yangu anayeyajua haya, swali lake la kwanza: "Simu yako inasema leo tarehe ngapi?" Natazama, niko miaka ya mbele huko! Tovuti salama zina vyeti, na kila cheti kina tarehe ya kuisha. Simu ikiamini tarehe hiyo imeshapita, inaona vyeti vyote vimekufa, inafunga mlango. Nikarudisha tarehe, vyote vikafunguka papo hapo. Usaili niliingia wanaaga. Kazi nikaikosa.

Tangu hapo nachimba habari za saa za kompyuta. Mifumo mingi ya zamani inahesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, kwa namba ya biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 na 1. Kikomo ni sekunde 2,147,483,647, na kitafika 19 Januari 2038. Ikizidi hapo hesabu inageuka hasi, mashine inajikuta Desemba 1901. Mnaocheka mjipange.

Kicheko: Bukta tena mkuu? Dogo alifanywa nini?

Fundi Mtoro: Mama alimtetea. Eti kwa nini simu haina nywila.

Bitozi: Mama apewe maua yake.

Mpinzani Mkuu: Turudi kwenye mada, usaili utatumaliza. Kwenye ISS wanaelea kwa sababu kule hakuna mvutano. Na hiyo 9.8 ni simu mbovu.

Bi Sayari: Kaka, kituo kiko juu kilomita 400 hivi tu. Mvutano pale ni karibu asilimia 90 ya huu wa ardhini. Wanaelea kwa kuwa wanaanguka pamoja na chombo chao, ila wanakwenda mbele kilomita kama 28,000 kwa saa, kwa hiyo ardhi inapinda kila wakitaka kuifikia.

Mpinzani Mkuu: Waanguke miaka yote wasifike? Hizo ngano.

Mzee wa Obiti: Msitoane macho. Nusu Injinia, washa programu irekodi, kisha achia simu iangukie godoro. Ikiwa hewani grafu itashuka hadi karibu na sifuri. Sensa haihisi mvutano wenyewe, inahisi meza inavyoisukuma simu kwenda juu. Ondoa meza, namba inaondoka. Wale wa ISS hawana meza ya kuwasukuma.

Kicheko: Nimejaribu. Sifuri nimeiona kwa macho yangu. Simu imedunda kwenye godoro ikamalizia sakafuni. Hapa naandika kwa kompyuta.

Mpinzani Mkuu: 😂😂 Pole. Lakini sifuri uliiona kweli?

Kicheko: Niliiona kabla ya kioo.

Bitozi: Mimi ni GPS. Saa za setilaiti zake zinaitangulia saa ya ardhini mikrosekunde 38 hivi kwa siku (mikrosekunde ni sekunde moja ukiigawa kwa milioni), kama nadharia ya Einstein inavyotaka. Mwanga kwa mikrosekunde moja unakwenda mita 300. Zidisha wenyewe: zaidi ya kilomita 11 za kupotea kila siku, zisiporekebishwa.

Mpinzani Mkuu: Einstein ndani ya ramani ya simu? Bitozi bwana.

Bitozi: Zidisha kwanza, ubishe baadaye.

Nusu Injinia: Sasa mtu mzima kama mimi aanzie wapi?

Fundi Mtoro: Hesabu. Hakuna njia ya mkato.

Bi Sayari: Achana na hesabu kwanza, utakimbia tena. Weka Stellarium, programu ya ramani ya nyota, ni bure, ulijue anga lako.

Bitozi: Python, lugha ya kuandikia programu. Chora obiti, ile njia ya kuizunguka dunia, mwenyewe.

Kicheko: Nunua kava.

Mpinzani Mkuu: Hamjanijibu. Kama wa ISS wanaanguka, mwezi mbona hauanguki?

Bi Sayari: Nao unaanguka, kaka.

Nusu Injinia: Godoro nimeliogopa, nimeingia na simu kwenye lifti. Ikianza kupanda namba inavuka 10, ikitaka kusimama inashuka chini ya 9, katikati ya safari imerudi 9.8 utadhani hatuendi popote. Mwenye jengo refu alete grafu yake.