Fantasi ya besiboli: besi za kuiba ninazo za kumwaga, mapitcha (warushaji mpira) ndo sina. Nimtoe De La Cruz?

Kitaa_Denver: Wakuu salama? Wale mnaocheza fantasi ya besiboli (unaunda timu ya wachezaji halisi, takwimu zao ndo pointi zako) naombeni ushauri. Tuko 12 hapa kazini, ligi ya roto yenye vipengele kumi, yaani kila kipengele unapata pointi kulingana na nafasi yako. Wapigaji wangu wako vizuri na kwenye kuiba besi (kukimbilia besi inayofuata mpira haujapigwa) naongoza kwa mbali mno, nina Elly De La Cruz na José Caballero, ila mapitcha jamani, ERA (wastani wa pointi wanazofungwa kwa iningi tisa, yaani raundi tisa) niko wa 10, WHIP (wapigaji wanaowaruhusu kufika besi kwa kila iningi) wa 11, na kloza, pitcha wa kumalizia mechi, ninaye mmoja tu. Sasa jamaa kaniletea ofa, ananipa pitcha Tarik Skubal mi nimpe Elly, kichwa kwa kichwa. Skubal kabeba Cy Young, tuzo ya pitcha bora, 2024 na 2025 mfululizo kwa hiyo natamani kukubali, lakini Elly mwaka 2024 aliiba besi 67, inauma kumwachia. Nifanyeje?

Mzee_wa_Iningi: Mkuu kwenye roto ukiongoza kwa besi moja au kwa besi 50 pointi ni zile zile, hiyo ziada yako haikupi chochote mpaka uiuze. Caballero 2024 aliongoza American League (moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya Marekani) kwa besi 44 na hana bei kubwa, kwa hiyo Elly mtoe tu bila wasiwasi. Ila usimtoe kwa mtu mmoja. Wewe umeoza ERA, WHIP na sevu (ushindi anaoulinda kloza) kwa pamoja, Skubal anapanda kilimani kurusha mara moja kila baada ya siku tano au sita, siku zilizobaki wale wale wabovu wanakuharibia. Huyo jamaa mwombe mapitcha wawili wa kati na kloza juu. Mtu kama George Kirby wa Seattle, 2023 alirusha iningi zaidi ya 190 akatoa matembezi ya bure (mpigaji kupewa besi ya kwanza kwa mipira mibovu) 19 tu msimu mzima, hiyo ndo dawa ya WHIP.

DadaStraiki: Mi napingana na wewe kaka. Nafasi za kikosi zina kikomo, ukichukua watatu lazima uteme wawili, na pitcha mkubwa wa aina ile hapatikani bure sokoni ila wa kati wanaokotwa kila wiki. Mi ningemchukua Skubal.

Mzee_wa_Iningi: Dada nakuelewa, ila angalia viwiko, mapitcha wanaumia sana hapo. Spencer Strider 2023 aliongoza ligi nzima kwa straikiauti (wapigaji aliowatoa kwa straiki tatu) 281, Aprili 2024 akapasuliwa kiwiko msimu ukaisha. Sandy Alcantara Cy Young 2022, hakurusha hata mpira mmoja 2024. Gerrit Cole 2025 vile vile. Na Skubal mwenyewe mkono wake ulishapasuliwa 2016 na 2022. Ukiweka kila kitu kwa mtu mmoja akaumia, umempoteza Elly na pitcha huna.

Kitaa_Denver: Daah, hapo kwenye viwiko mmenigusa. Na hawa mapitcha wa Rockies, timu ya hapa nyumbani Denver, je, wako huru wengi.

DadaStraiki: Weee! Uwanja wao, Coors Field, uko kama mita 1,600 juu ya bahari, hewa nyepesi, mpira unapaa na ule wa kukata kona haukati vizuri. Hata pitcha wako mzuri akienda kucheza hapo muweke benchi siku hiyo. Seattle ndo kinyume chake, uwanja wao unawabana wapigaji. Halafu kabla hujajibu hiyo ofa fungua msimamo uone nani yuko mkiani kwenye besi ila ana mapitcha wa kutosha, huyo ndo atakulipa Elly bei yake, huyo wa Skubal mwambie asubiri hadi kesho.