Mawe ya Lisbon yanateleza, kwanini hawayang'oi?

MguuMmoja:
Wakuu habari zenu. Niko Lisbon, Ureno, siku ya nne na nimeshaanguka mara mbili, ya pili nimetua kwa makalio katikati ya uwanja wa Rossio watu wananiangalia, na mvua yenyewe ilikuwa rasharasha tu. Njia za miguu karibu zote zimetandikwa vijiwe vyeupe vinang'aa ka sabuni iliyolowa, halafu wamechora mawimbi kwa vijiwe vyeusi, ukiyakazia macho unaona ka ardhi inacheza. Sikatai pazuri. Ila hivi kwanini wasing'oe wamwage zege wakamaliza? Na kwani wameyapaka nini?

Kaka_Nyundo:
Pole sana mkuu, hakuna aliyepaka kitu, hao ni nyie wenyewe na viatu vyenu 😂. Yale mengi ni mawe ya chokaa, yanachimbwa huko milima ya Aire na Candeeiros kaskazini ya Lisbon. Si jiwe gumu sana na ndio maana fundi analiweza kwa mkono, anakaa kwenye kigoda au anapiga magoti, jiwe kiganjani, nyundo mkono wa pili, anagonga mara mbili tatu limeshapata umbo anachomeka anaokota jingine. Sasa ulaini huohuo ndio unafanya soli za watu zilisugue mpaka ling'ae. Ukitaka lisiteleze lete itale, ila sahau kuikatakata kwa mkono namna ile.

Michoro wanatumia kalibu, wanailaza juu ya kitanda cha mchanga wanajaza rangi moja, wanaitoa wanajaza ya pili, halafu wanashindilia kwa gogo zito lenye mikono. Na uzuri wake bomba likipasuka chini hawavunji kitu, wanang'oa vijiwe wanarundika pembeni wanachimba wakimaliza wanarudisha vilevile, zege ungebaki na kiraka milele. Maji ya mvua nayo yanapita kwenye mianya kama hawajajaza saruji.

ShangaziWaHistoria:
Naongezea hapo kwa Kaka. Hayo mawimbi uliyoangukia yanaitwa Mar Largo, maana yake bahari pana, na walioyatandika ni wafungwa. Mwaka 1842 kulikuwa na mwanajeshi anaitwa Eusébio Furtado, ndiye mkuu wa ngome ya São Jorge, akawatoa wafungwa wakatandika zigizaga nyeusi na nyeupe pale ngomeni, watu wakawa wanapanda kilima kwenda kushangaa chini tu. Ikapendwa, akapewa Rossio, 1848 wakaanza na 1849 wakamaliza. Kwahiyo ukipita pale kumbuka kuna walioyatandika huku wamefungwa minyororo. Mimi hiyo ndio inanigusa kuliko urembo wenyewe.

Baadae ikavuka bahari, mawimbi ya Copacabana kule Rio, Brazil, ni mtoto wa haya, na Macau pia uwanja wa Senado umetandikwa hivyohivyo.

NesiWaUgenini:
Jamani msisifie sana. Mimi naishi huku na kazi yangu ni kutunza wazee, nasukuma kiti cha magurudumu kila siku, nyie mnaona mawimbi mimi naona mashimo. Magari yanapanda njia ya miguu kupaki, mawe yanalegea, moja likitoka wenzie wanafuata, wiki mbili una shimo la kuingiza gurudumu zima. Bibi ninayemtunza amezaliwa hapahapa na mvua ikinyesha hatoki ndani. 2014 jiji lilipitisha mpango wa kurahisishia watembea kwa miguu, baadhi ya sehemu kuwekwe sakafu isiyoteleza na mawe yabaki kwenye mitaa ya kihistoria, ukawaka ugomvi mkubwa. Kwangu mimi ilikuwa akili tu. Mafundi wenyewe (wanaitwa calceteiros) hawatoshi, jiji lina shule yao tangu 1986 ila kazi ya kuinama kutwa nzima jua na mvua vijana wa leo wangapi wataitaka? Mawe yakitandikwa vizuri hayasumbui hivyo, yanayosumbua ni yaliyorudishwa fastafasta.

Kaka_Nyundo:
Nesi hapo umenimaliza, sina la kubisha. Jiwe likibanwa vizuri na wenzie haliondoki.

MguuMmoja:
Asanteni, kumbe nimeangukia historia. Haya bado siku moja, niende wapi ambapo sitavunjika?

NesiWaUgenini:
Vaa raba zenye soli ya kushika, mteremkoni shika ukuta usione haya. Halafu nenda Alfama, mtaa wa zamani hapahapa Lisbon, kuna sura ya Amália Rodrigues yule mwimbaji wa fado (nyimbo za huzuni za Wareno), msanii Vhils aliitengeneza 2015 pamoja na mafundi wa jiji, mawe yanaanzia chini yanapanda ukutani. Aliiweka hivyo makusudi, mvua ikinyesha maji yanamtiririka usoni ka machozi.

MguuMmoja:
Nimerudi kutoka huko sasahivi. Kulikuwa kukavu hajalia, ila sijaanguka 🙏