Insha zinarudi na alama, makosa yanabaki yale yale

Mwalimu wa Likoni
Walimu wenzangu, hamjambo. Nina kidato cha pili, wanafunzi 54. Kila kosa nalisahihisha kwa wino mwekundu, lakini wakirudishiwa madaftari wanaulizana "umepata ngapi?", basi. Wiki ijayo "kitabu yangu" iko pale pale. Nibadilishe nini?

Sarufi Kisauni
Anza na alama. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alilinganisha wanafunzi waliopewa maoni pekee, alama pekee, na vyote viwili. Waliosonga mbele ni wale wa maoni pekee. Waliopewa vyote hawakunufaika na maoni. Kwa hiyo iweke alama kwenye rejista yako, uwasomee wakishamaliza kurekebisha.

Halafu usimsahihishie. Ukimwandikia "kitabu changu", kazi umeifanya wewe. Tumia ishara za usahihishaji wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya: mistari miwili chini ya kosa la sarufi, mmoja chini ya kosa la hijai (tahajia), ^ palipoachwa neno. Shika aina moja au mbili za makosa. Mwezi huu upatanisho wa ngeli, mengine yapite. Ukurasa uliojaa wekundu haumwonyeshi pa kuanzia.

Bi Tudor
Na yale maneno ya chini! "Jitahidi zaidi" haimwambii mtu chochote. Mwandikie jambo la kufanya kwa kalamu: "Aya ya 2: umesema soko la Kongowea lina pilikapilika. Ongeza sentensi mbili: nani anapakua nini, wapi?" Sifa nayo itajiwe mahali: "Kuanza aya ya 3 na honi ya feri kumenivuta."

Tahadhari, Mwalimu: akiandika "mato" au "nti", hicho ni Kimvita, lahaja ya Mombasa. Usikikate. Andika pembeni: "Kwenye mazungumzo ya wahusika liache, kwenye maelezo, macho."

Mwalimu wa Likoni
Ahsanteni. Ila kipindi ni dakika 40, na silabasi inanikimbiza.

Sarufi Kisauni
Chukua 15 za mwanzo siku ya kurudisha. Kila mmoja aandike upya sentensi tano zilizopigwa mistari, si insha nzima, kisha jirani azikague hizo tano tu. Wewe wapitie wasioelewa mstari umepigwa kwa nini. Mara nyingi hao ndio wanaokariri ngeli bila kuzitumia.

Kuhusu kusahihisha, madaftari 54 kwa dakika tatu tatu ni karibu saa tatu. Nusu waandikie maoni, nusu wapigie mistari tu, na insha ijayo wabadilishe.