Tupeane uzoefu: fremu za biashara moja kubanana mtaa mmoja, mnaishije?

Wakuu, nimepata fremu ya spea za pikipiki hapa Dodoma mjini. Kushoto spea, kulia spea, ng'ambo ya barabara spea. Mama watoto anasema nitafute mtaa nitakaokuwa peke yangu. Mliopo Majengo, Sabasaba na kwingineko, leteni yaliyowakuta. Nadharia za darasani sitaki.

Fundi Chang'ombe: Chukua hiyo. Pikipiki ikiungua klachi, sisi mafundi hatuendi kwenye duka la peke yake. Likikosa pleti nimechoma mafuta bure. Kwenye spea nyingi, nikikosa kwako navuka tu.

Dada Vitenge: Utamu wake ni mali ya jirani. Mteja akitaka rangi ambayo huna, unamwambia "kaa hapo dada, nakuletea stoo". Unapita mlango wa nyuma, unachukua kwa jirani kwa mali kauli, yaani kwa ahadi ya mdomo utalipa ukishauza, unaongeza chako kidogo. Stoo ndiyo hiyo jamani 😂. Jioni mnahesabiana. Ila ukikalia hela ya mtu, habari inakutangulia, huchukui tena hata mtandio.

Kopi Ng'ong'ona: Sisi wa steshenari jirani na UDOM tumebanana kwa sababu wanafunzi wako huku, basi. Bei ya kopi tunashushiana hadi inauma, na chuo kikifungwa tunakauka wote.

Mjukuu wa Mgogo: Nendeni mnada wa Msalato Jumamosi. Nani angetoka mjini kwa mchoma nyama mmoja? Watu wanafuata wingi, wapite jiko hadi jiko wakikagua mbavu.

Mwalimu Kisasa: Darasa hulitaki, lakini mchumi Mmarekani Harold Hotelling aliliandikia hili mwaka 1929: wauzaji wawili wenye bidhaa ile ile kwenye barabara moja huvutwa katikati, kila mmoja akiogopa mwenzake asimpunguzie wateja. Ya mlango wa nyuma ya Dada Vitenge hayamo humo.

Fundi Chang'ombe: Mwalimu bwana! Mkuu, kabla ya kutoa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wasalimie hao majirani uone rafu zao. Wakiwa wamejaza za Boxer, wewe beba za TVS. Watakuja kuchukua kwako.