Kifaru katika filamu ya vita vya Tanga vya 1914: je, ni sahihi?

Mkaazi wa Chumbageni

Wanajamvi, nawasalimu. Kikundi chetu hapa Tanga kinatayarisha filamu fupi kuhusu vita vya Novemba 1914, pale Waingereza na wanajeshi wao wa Kihindi waliposhuka upande wa Ras Kasone wakashindwa na askari wa Wajerumani waliokuwa wachache mno. Mwongozaji wetu ameazima Land Rover kuukuu, na mafundi wanaivika mabati ili ionekane gari la deraya. Tena anataka kifaru cha mbao kionekane kwa mbali ufukweni. Nilipopinga, alinijibu kwamba mtazamaji haji kukagua magari. Naomba mnisaidie: ni vyombo gani hasa vilivyotumika hapa, na kosa la namna hii lina uzito gani?

Fundi Mstaafu

Kijana wangu, umefanya vyema kuuliza mapema. Kifaru hakikuwapo Tanga kwa sababu hakikuwapo katika vita vyovyote duniani hadi tarehe 15 Septemba 1916, vilipotumika kwa mara ya kwanza huko Somme, Ufaransa. Land Rover ilianza kutengenezwa mwaka 1948. Magari ya deraya ya Rolls-Royce Waingereza waliyaleta kweli Afrika Mashariki, lakini ilikuwa mwaka 1915, Tanga wameshashindwa.

Mimi nimehudumia vifaru vya Kichina vya Type 59 kwa miaka mingi, na macho yangu huenda kwenye magurudumu kabla ya mzinga. Type 59 ina magurudumu makubwa matano kila ubavu, na pengo kati ya la kwanza na la pili ni pana kuliko mengine. Nikiliona pengo hilo kwenye kifaru kinachodaiwa kuwa cha Kijerumani cha mwaka 1944, hata kama rangi na msalaba vimepakwa kwa ustadi, siwezi tena kuiamini filamu hiyo.

Mpenzi wa Sinema, Ngamiani

Namuunga mkono Mzee Fundi, ila si makosa yote yanayolingana. Katika "Patton" ya 1970, vifaru vya Wajerumani ni vya Kimarekani vilivyoundwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vikatolewa na jeshi la Hispania. Katika "Saving Private Ryan" ya 1998, Tiger, yaani vifaru vizito vya Kijerumani, zilijengwa juu ya vifaru vya Kirusi vya T-34. Bodi imefichwa vizuri sana, lakini magurudumu yamesimama mbalimbali, ilhali ya Tiger hulaliana kama magamba ya samaki. "Fury" ya 2014 ilibahatika kutumia Tiger halisi iliyotekwa Tunisia mwaka 1943, ambayo inahifadhiwa katika makumbusho ya vifaru ya Bovington, Uingereza. Tiger zilizosalia ni chache mno, kwa hiyo anayeiga Tiger kwa kukosa ile halisi namwelewa. Anayeweka kifaru mahali ambapo hakikuwapo kabisa anabadili habari yenyewe.

Fundi Mstaafu

Hapo umenena. Chombo kilichoamua vita vya Tanga ni treni. Meli ya kivita Fox ilifika hapa tarehe 2 Novemba, Waingereza wakapoteza muda, na wakati huohuo Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa akiwaleta askari wake kutoka Moshi kwa reli ya Usambara, mwendo wa kilomita 350 hivi. Ukiweka kifaru ufukweni, mtazamaji atashindwa kuelewa ni vipi watu 8,000 walirudishwa baharini na watu 1,000 hivi, wakaacha nyuma bombomu (bunduki za rashasha) na mamia ya bunduki.

Jambo jingine linaniuma zaidi. Katika miaka iliyofuata ya vita hivyo, ndorobo waliua farasi na ng'ombe, na mizigo ikabebwa na wapagazi, vichwani na mabegani. Kila lori linaloongezwa katika filamu za vita vile linawafuta babu zetu hao.

Mkaazi wa Chumbageni

Shikamoo Mzee Fundi, na ahsanteni nyote. Nitamsomea mwongozaji maneno haya kesho. Najua atauliza treni ya mvuke tutaitoa wapi.

Mpenzi wa Sinema, Ngamiani

Hamhitaji injini. Pigeni picha alfajiri, kamera iwe chini usawa wa reli, behewa moja la mizigo la zamani, moshi, sauti ya breki, na miguu ya askari ikiruka chini kwenye kokoto, mmoja baada ya mwingine.