Ghorofa la mchoraji Kariakoo linauzwa: Serikali inunue au tuliache liende?

Mwana Gerezani
Wakuu salaam. Ile nyumba ya ghorofa moja upande wa Gerezani, ambayo juu yake marehemu mzee alikuwa anachora, imewekwa sokoni. Wakongwe mnaijua: chini duka la vitambaa, juu chumba kimoja kirefu chenye madirisha ya mbao yanayotazama barabarani, sakafu nzima matone ya rangi. Mzee alianza na vibao vya vinyozi na hoteli, baadaye akaingia kwenye wanyama kwa mtindo wa Tingatinga mpaka macho yakamkatalia. Warithi wanataka bilioni na kitu. Kwa bei hiyo mtu ananunua kiwanja tu, nyumba ataivunja apandishe fremu za maduka. Je, Serikali au Jiji wainunue iwe kituo cha sanaa, au biashara iende zake? Najua watakaolia nyundo ikianza ni watu wa Masaki, kule kwa wenye nazo, sisi wa hapa tutakuwa tunatafuta riziki.

Dada Msasani
Masaki imeingiaje hapa? Mimi nakaa huku na nina picha tatu ukutani, nimenunua kwa hela yangu pale Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wachoraji wenyewe. Wewe mleta mada umenunua ngapi?

Mwana Gerezani
Sijanunua hata moja. Nimekulia chini ya vibao vyake, inatosha.

Dada Msasani
Haitoshi. Kibao hakilipi kodi ya pango.

Kinyozi Mstaafu
Cha kwangu kililipa. Alinichorea kichwa cha kijana na mkasi, nikawa namnyoa bure mpaka tukasahau nani anamdai nani. Wateja walikuwa wanaonyesha ukutani: "Ninyoe kama huyo." Haya endeleeni na Masaki yenu.

Hesabu Haidanganyi
Samahani wakuu, tuambizane ukweli. Twiga yule yule, mbuyu ule ule, chui mwenye macho ya kushtuka. Hizi ni picha za watalii, wanachora hamsini kwa siku. Hela ya walipa kodi iende kununua chumba cha kazi hiyo wakati hospitali hazina vitanda?

Mjukuu wa Tunduru
Hapo kwenye "picha za watalii" umenigusa pabaya. Edward Saidi Tingatinga alikuja Dar kutoka kwetu Tunduru, akafanya vibarua, mwaka 1968 akaanza kuchora kwenye hadibodi za mraba kwa rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, kwa sababu ndiyo aliyoimudu. Unafikiri angenunulia wapi kitambaa na rangi za kina Picasso? Akauza nje ya Morogoro Stores, wazungu wa Oysterbay wakanunua, sawa. Kuuza kwa mzungu kunaondoa usanii? Mbona korosho hatuiulizi?

Hesabu Haidanganyi
Povu la nini mkuu? Huyo si alikuwa Mmakonde wa Msumbiji, na alikufa miaka ya themanini?

Mjukuu wa Tunduru
Ona sasa. Alikufa 1972, polisi walimpiga risasi usiku wakidhani ni jambazi. Alichora miaka minne tu! Baba Mngindo, mama Mmakua. Mmakonde unayemkumbuka ni George Lilanga, aliyetoka kwenye uchongaji akapitia Nyumba ya Sanaa, akafariki 2005. Mtu unachanganya marehemu wawili halafu unatuwekea bei ya sanaa.

Mzaramo Halisi
Kumbe Mngindo! Mbona mlikaa kimya miaka yote, mkaacha watu wanadhani tingatinga ni lile la kuchonga barabara?

Mjukuu wa Tunduru
Watani mna lenu. Ninyi mji ulikuwa wenu mkauza viwanja kwa shuka na sahani ya pilau, leo mnatufundisha urithi.

Mzaramo Halisi
Na pilau lenyewe tulikula wenyewe. Hatudaiwi.

Wakili wa Kijiweni
Turudi kwenye mada. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Nyumba ya miaka ya hamsini haimo mpaka Waziri aitangaze, na hilo halihitaji Serikali kununua kitu. Mwenye nyumba anabaki na mali yake, ila hawezi kuvunja ovyo. Kwa hiyo "inunue au iachie" ni swali lenye kasoro, njia ya tatu ipo. Sheria hiyo hiyo inalinda na milango ya kuchonga ya kabla ya 1940.

Dada Msasani
Mlango wa nyumba hiyo una nakshi? Kama upo nauhitaji.

Mwana Gerezani
Umeona? Masaki.

Dada Msasani
Nauhitaji usiishie kuwa kuni, we mtu!

Mama Wawili
Nimesoma kimya, sasa niseme mnisikie. Mimi ni mtoto wa huyo mzee. Tuko wengi, wa mama tofauti, mirathi imefunguliwa na msimamizi ameteuliwa. Huyo wakili akitangaziwa nyumba yake kuwa kumbukumbu ya Taifa, akabaki na "mali" asiyoweza kuvunja wala kuuza kwa bei ya maana, atanipigia makofi? Bati linavuja miaka, ngazi imeoza, dada yangu ameanguka hapo. Katika ninyi nyote mnaomuita mzee hazina, hakuna aliyeleta hata msumari. Kinyozi tu ndiye alikuja msibani.

Kinyozi Mstaafu
Pole mwanangu. Mama mkubwa anaendeleaje?

Mama Wawili
Anakusalimia baba. Miguu tu.

Mtoto wa Mjini
Dada, wanawake mmepewa nusu ya fungu la kaka zenu au mmekubaliana sawa kwa sawa?

Mama Wawili
Hayo ya ndani, kaka. Uliza ya mlango.

Hesabu Haidanganyi
Mimi nilisema mapema, wenye mali waachwe wauze. Mlinipiga mawe.

Mjukuu wa Tunduru
Ulisema twiga yule yule. Usihame.

Mtoto wa Mjini
Atakayenunua apandishe ngapi? Maana tangu lile jengo lianguke Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, mimi nikipita Kariakoo natembea katikati ya barabara. Wakichimba hapo, jirani mwenye nyumba ya udongo na chokaa atapona?

Mwana Gerezani
Jirani mwenyewe ni mimi.

Wakili wa Kijiweni
Basi dai kibali chao cha ujenzi mapema, na piga picha kuta zako zote kabla hawajaanza. Na njia ya tatu bado ipo, kama kuna anayesoma.

Mzaramo Halisi
Wakuu, hiyo rangi ya baiskeli bado inauzwa? Nina geti linakula kutu Mbagala.

Kinyozi Mstaafu
Zamani tulinunua kwenye maduka ya vipuri vya baiskeli. Siku hizi ukiulizia rangi ya mafuta tu wanakupa. Piga msasa kwanza, usipake juu ya kutu.