Komoro: Ngazija, Nzwani au Mwali, tuanze na kipi?

BintKariakoo
Wakuu habari zenu. Mi na mume wangu tuna likizo mwezi wa tisa, siku kumi hivi, na Nungwi tumeshaizoea, sio kubaya ila kila mwaka palepale. Shelisheli nimeangalia bei nikazima simu nikalala. Sasa naona Komoro ni saa moja na kitu tu kwa ndege toka Dar na wala hakuna anayeiongelea, wenyewe tunakutana nao Kariakoo wakifungasha mizigo basi yanaishia hapo. Kati ya Ngazija, Nzwani na Mwali tuende wapi? Mume anataka mlima, mi nataka bahari safi na chakula, wote hatutaki makelele. Na je vyote vitatu vinawezekana kwa mkupuo mmoja?

PandaShuka
Kama kuna mtu wa milima hapo basi Ngazija, usijiulize. Karthala ina mita 2,361 na ni volkano hai, 2005 ilitema majivu yakajaa mpaka kwenye matangi ya maji ya kunywa ya watu, na 1977 lava ilishuka hadi kijiji cha Singani. Sisi tulianzia Mvuni juu ya Moroni alfajiri, mwanzo unapita migomba na mihogo, halafu msitu wenye ukungu, halafu miti inapungua urefu mpaka unabaki na vichaka na kokoto nyeusi zinazokula soli ya kiatu. Mnalala juu kwenye hema, asubuhi kabla mawingu hayajafunika ndo mnasogea ukingoni. Shimo lenyewe upana wake ni kilomita kadhaa, macho hayamalizi. Maji bebeni ya kutosha, yani ya kutosha kweli, maana Ngazija haina mto unaotiririka mwaka mzima, mvua ikinyesha jiwe linanyonya yote. Na mtu wa kuwaongoza ni lazima, ukungu ukishuka njia huioni tena.

BintKariakoo
Hema tena 😅 mi ntamsubiri chini. Chini kuna nini?

SharifuMalindi
Chini ndio kwenye raha yake dada. Moroni watu wanapita uwanja wa ndege na hoteli wanasema hakuna kitu, wallahi hawajaenda bandarini saa kumi jioni. Msikiti wa Ijumaa wa zamani uko palepale, wa mwaka 1427, matao meupe yanatazama maji, bahari ikitoka zile mashua zinabaki zimelala ubavu juu ya mawe meusi ya volkano na watoto wanapita katikati yake kuokota okota. Nyuma ndio mji mkongwe, Badjanani, vichochoro, milango ya kuchonga, wazee barazani wanacheza bao, mtu wa Unguja hutojiona mgeni. Kuna na kaburi la Said Muhammad al-Maaruf, shekhe wa tarika ya Shadhiliya aliyefariki 1905, watu huenda kuzuru. Itsandra iko mwendo mfupi tu toka mjini, ndiko alikozaliwa Sayyid Ahmad bin Sumait mwaka 1861 ambae baadae akawa kadhi kwetu Unguja, na ufukwe wake wa mchanga mweupe ndio mnaweza kuoga bila kukatwa miguu. Ikoni nayo msiipite, lile jabali kando ya bahari ndilo wanawake walijirusha zamani wasichukuliwe utumwa na wavamizi wa kutoka Bukini, yaani Madagaska. Ukifika pale na ukalitazama kwenda juu unanyamaza mwenyewe.

Makumbusho ya Moroni pia, wanae gombesa. Wataalamu walikuwa wanasema samaki huyo katoweka tangu enzi za dinosau mpaka akavuliwa mmoja Afrika Kusini 1938, wa pili akapatikana Komoro 1952, na wavuvi wa huko walikuwa wanamjua siku zote na wala hawana haja nae maana nyama yake haina ladha.

kocha_wa_mtaa
timu yao ya taifa si ndo inabeba jina la huyo samaki, ile iliyompiga Ghana 3-2 AFCON ya Kameruni 2022 halafu mechi iliyofuata wakamuweka beki golini. samahani endeleeni

MamaNyali
Mwenye kutaka bahari aende Mwali, kwisha maneno. Ngazija napenda lakini tuambiane ukweli, fukwe za karibu na Moroni zina takataka na pwani kubwa ni mawe makali, mpaka uende kaskazini huko Mitsamiouli au mashariki Chomoni ndio upate pa kutandika kanga. Mwali ndicho kidogo kuliko vyote, kusini kuna hifadhi ya bahari ya tangu 2001, na 2020 UNESCO ikakiingiza kisiwa chote kwenye hifadhi zake.

Itsamia ndio pa kasa. Walinzi wa kijiji wenyewe ndio wanawapeleka usiku, mnalipa kidogo, hakuna tochi nyeupe wala simu kuwaka, mnakaa kwenye mchanga mnangoja. Utamsikia kabla hujamuona, mchanga unarushwa paa, kimya, paa, halafu pumzi moja nzito kama ya bibi aliyepanda ngazi na ndoo. Akiwa anachimba haruhusiwi mtu kusogea, ni mpaka aanze kutaga ndio mlinzi anawaita mmoja mmoja kwa nyuma, unaona mayai yanadondoka meupe yana ute, mawilimawili. Mume wangu asiyeshtuka na kitu alinishika mkono. Halafu kesho yake nendeni Niumashuwa, visiwa vidogo viko mbele ya kijiji, mnakodi boti kwa siku, na mwezi wa 9 nyangumi wenye nundu bado wapo na watoto wao. Chakula utapenda, samaki wa kuchoma, mataba (kisamvu chao cha nazi), na ukiagiza mapema unapikiwa kambakoche kwa vanila ya hapohapo. Malazi ni vibanda vya kawaida tu, umeme unakatika, ukitaka kiyoyozi baki Diani.

Mndzuani13
Kila siku watu wakitaja Komoro Nzwani inaachwa nje, mi mtoto wa Mutsamudu niko Marseille na Kiswahili nimejifunzia Dar shuleni, kwa hiyo naongea kwa uchungu 😂 Kwanza Nzwani ndio pa kijani, kuna milima, maporomoko, na ziwa Dzialandze liko juu huko chini ya Ntringui ambao una mita karibu 1,600, huyo bwana wa milima anapanda na kushuka siku hiyohiyo bila hema. Mji wa Mutsamudu vichochoro vyake ni vyembamba kuliko vya Unguja, ukikutana na mwenye kapu mmoja wenu anarudi nyuma, na ngome iko juu unaona mji wote na bandari. Domoni upande wa mashariki ni mkongwe zaidi, wanawake bado wanadarizi. Na langilangi, ukipita wakati wanakeneka mafuta usiku kucha kwenye mapipa, harufu inakufuata mpaka kitandani, maua yanachumwa asubuhi mapema kabla jua halijakaza na hayo mafuta yanaishia kwenye marashi ya Ufaransa. Kuogelea nenda Moya. Pia popo wakubwa wale wa Livingstone, hao hawapatikani popote duniani isipokuwa Nzwani na Mwali, mabawa yakifunguka ni karibu mita moja na nusu na wanaruka mchana.

AskariMstaafu
Nzwani tunaijua sana sisi 😄 jeshi letu lilishuka pale mwezi wa tatu 2008 na Wasudan chini ya Umoja wa Afrika kumtoa Kanali Bacar, yule aliyekuwa anakitawala kisiwa kwa uasi. Watu walitupokea vizuri mno. Ila kule mjini watu ni wengi kwenye nafasi ndogo, dada kasema hataki makelele.

Mndzuani13
Afande hayo makelele ni ya soko tu, ukitoka Mutsamudu kilomita chache ni ndege na maji.

kibe_msafiri
na Mayotte je, si iko hapo karibu pia?

Mndzuani13
Maore, ndio hiyo Mayotte, ni mkoa wa Ufaransa tangu 2011, viza yake ni habari nyingine kabisa. Na mtu asikwambie kuna boti ya usiku toka Nzwani, hizo kwassa-kwassa zimeshazika ndugu zetu wengi. Tuiache hiyo.

DauLaKusi
Wote mnasifia hamjasema kitu kinachovuruga safari, usafiri kati ya visiwa. Ndege ndogo zipo leo, kesho ratiba imebadilika, na boti zinategemea upepo. Kwenda Mwali watu wanashuka mpaka Chindini kusini ya Ngazija, wanavuka kwa boti za faiba hadi Hoani, na mwezi wa 9 kusi bado ina nguvu zake, unaloa mpaka chupi. Ondoka asubuhi, jioni bahari haichekeshi, na kama hakuna jaketi la kuokolea msipande, subirini nyingine. Kwa siku kumi visiwa vitatu mtaishia kuona bandari tatu. Chagueni viwili. Mi ningefanya hivi, mkishuka Hahaya, uwanja wa ndege wa Ngazija, lala usiku mmoja halafu vuka Mwali moja kwa moja, mkae siku nne tano, rudini Ngazija mapema, mlima na Moroni viwe mwisho ili boti ikikwama ndege ya Dar isiwaache. Nzwani iwe safari yake peke yake, inastahili.

Pesa: beba euro taslimu, faranga yao imefungwa na euro, moja ni kama 492, kadi nje ya Moroni sahau. Viza tulichukua uwanjani euro 30, ila ulizeni upya kabla hamjaondoka. Mavazi kama Unguja mjini, bikini ni kwenye hoteli au ufukwe usio na watu.

SharifuMalindi
Na mmebahatika mwezi, Julai na Agosti Wakomoro wa Ufaransa wanajaa, wenyeji wanawaita "je viens", tiketi zinapaa lakini ndio wakati wa harusi kubwa za anda, ngoma mpaka asubuhi.

BintKariakoo
Asanteni sana jamani, Mwali kisha Ngazija, mume kakubali na hema lake. Kiswahili kitatufikisha? Kifaransa changu ni bonjour tu.

DauLaKusi
Moroni wengi wamefanya biashara au wamesoma Dar na Unguja, mtaelewana. Mwali taratibu taratibu, nusu mtaikamata wenyewe.

MamaNyali
Dawa ya kichefuchefu meza kabla ya kushuka Chindini, sio mkishaanza kupigwa na mawimbi. Na nguo za kubadilisha zifunge kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi.